Mgeni Tunamlipa Taslimu, Jirani Tunamwachia Deni



Siku hizi ni nadra mkutano wa kikundi kwisha kabla ya mtu kutoa simu na kuwaonyesha wenzake sufuria, viatu au taa ya sola, na bei yake iko chini kuliko ya sokoni kwetu. Wengine wanauliza papo hapo vile wataagiza. Hakuna ubaya. Lakini katika mikutano hiyo hiyo wamo akina mama wenye vibanda, kijana mwenye duka pale stejini, na fundi wa kushona. Wao wanauliza swali lingine: je, sisi tutauzia nani?

Tuangalie kwanza biashara hii ya simu inavyofanya kazi. M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, mtu aliweza kumlipa mwenziwe aliye mbali bila kupanda gari. Jumia ilikuja Kenya mwaka wa 2013, na Kilimall ikafuata mwaka wa 2014. Tena kuna wauzaji wengi wadogo huko Nairobi wanaoweka picha za bidhaa kwa Facebook au WhatsApp, halafu mzigo unapakiwa kwa matatu. Muuzaji wa namna hii anaweza kununua bidhaa ya aina moja kwa mamia. Halipi kodi ya chumba katika kila soko wala haajiri mtu wa kukaa dukani mchana kutwa akingoja wateja watatu. Hapo ndipo bei inaposhuka. Si uchawi, na si lazima awe ni mwizi.

Hata hivyo, bei ya kwenye simu si bei yote. Tuseme sufuria ni shilingi 900 kwa simu na 1,050 sokoni. Kuisafirisha mpaka mjini ni shilingi 150. Nauli yako ya kwenda kuichukua na kurudi ni 100. Sasa umelipa 1,150, na siku nzima imepotea. Ikiwa kifuniko hakitoshei, utairudisha kwa nani? Kwa vitu ambavyo havipatikani kwetu kabisa, kama kipuri cha mashine ya kukamua, simu ni msaada mkubwa na mimi siwezi kumkataza mtu. Kwa sufuria, piga hesabu kwanza.

Hata wenye mtaji mkubwa wamekuta ya kwamba kijijini si mchezo. Mnakumbuka kampuni ya Copia. Ilianza hapa Kenya mwaka wa 2013 na ililenga watu kama sisi hasa. Hukuhitaji hata kuwa na simu ya intaneti, kwani uliagiza kupitia wakala, ambaye mara nyingi ni mwenye duka wa hapo hapo, na mzigo ukaletwa kwake. Wawekezaji waliipa zaidi ya dola milioni 100. Mwezi wa Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi kwa kushindwa kujiendesha, na wafanyakazi wengi wakaachishwa kazi. Kupeleka pakiti mbili za sukari kwenye kila kijiji kwa lori ni gharama kubwa. Mwenye duka wa kwetu anaiepuka gharama hiyo kwa sababu yeye tayari yuko hapa.

Basi kama umbali unamlinda, mbona maduka yanafungwa? Nimekaa na wafanyabiashara wengi wadogo katika kazi hii, na wakifungua daftari, adui wa kwanza si Jumia. Adui ni madeni yetu sisi wenyewe.

Wacha tuchukue unga. Beli moja lina pakiti 12 za kilo mbili. Tuseme mama ananunua pakiti kwa shilingi 140 na kuuza kwa 150. Faida yake ni shilingi 10 kwa pakiti, yaani 120 kwa beli zima. Mtu mmoja akikopa pakiti moja asilipe, mama amepoteza zile 140 alizonunulia. Ili azirudishe, lazima auze pakiti 14. Hilo ni beli zima na pakiti mbili juu, na bado hajapata senti moja ya kupeleka nyumbani. Wadeni wakiwa kumi, si duka tena, ni mradi wa kutoa misaada.

Madeni yanafanya jambo lingine ambalo halionekani haraka. Mwenye duka akianza na shilingi 20,000, na 8,000 zikakwama kwa daftari, anarudi kwa muuzaji wa jumla na 12,000 tu. Ananunua kidogo, na kwa hivyo bei ya jumla haipati. Rafu zinaanza kuwa wazi. Mteja akija mara mbili akose sabuni, anasema, "Pale hakuna kitu siku hizi," na anatoa simu. Aliyesema hivyo huenda ndiye aliyekopa ile sabuni ya mwisho. Na kule kwa simu hakopeshwi hata kiberiti. Mzigo haachiwi mpaka alipe. Mgeni tunamlipa taslimu, halafu jirani tunamwambia, "Andika, nitaleta mwisho wa mwezi."

Simaanishi kukopa ni dhambi. Duka la kijijini ndilo benki ya mtu ambaye mtoto wake amelala njaa siku ya Jumanne na malipo ya majani chai yanakuja Ijumaa. Ndilo linalokupimia mafuta ya shilingi 20. Hakuna kampuni ya mtandao itakayofanya hivyo. Kwa sababu hiyo hiyo ni lazima deni lilipwe, ili mwingine naye apate wa kumkopesha.

Kikundi kinaweza kufanya nini? Vikundi vingi vina siku ya mzunguko, ambapo mwanachama mmoja anapokea mchango wote. Mnaweza kukubaliana ya kwamba anayepokea apitie dukani kulipa deni lake kabla ya kufika nyumbani. Liandikwe katika kumbukumbu za mkutano na mhazini afuatilie. Wengine wamependekeza kikundi kimkopeshe mwanachama alipe duka. Hapa muwe waangalifu. Deni la duka kwa kawaida halina riba, na mikopo ya vikundi vingi hutozwa hata asilimia 10 kwa mwezi. Mkimhamisha mtu kutoka deni lisilo na riba mpaka lenye riba kubwa, hamjamsaidia. Wekeni kiwango chake peke yake, au msiguse jambo hilo.

Tusisahau pia ya kuwa kikundi chenyewe ni mteja. Tunanunua viti, sufuria za kupikia kwenye matanga, sare, mbegu, unga wa sherehe. Kabla ya kuagiza mbali, mwulizeni fundi wa hapa bei yake, na mpeni muda. Sare za shule zinazohitajika Januari ziagizwe kufikia Oktoba, na fundi alipwe nusu mbele anunue kitambaa. Ukimwendea tarehe mbili Januari na sare ishirini, bila shaka atashindwa, halafu tutasema mafundi wetu hawaaminiki.

Na wenye maduka nao wana deni kwetu. Mizani iwe sawa. Bidhaa iliyopita tarehe iondolewe kwa rafu, isisukumwe kwa mtoto aliyetumwa. Bei iandikwe ionekane, maana mtu aliyezoea kuona bei kwa simu hapendi kukadiriwa kulingana na viatu alivyovaa. Kila mmoja aweke kikomo cha deni, na akitangaze kwa wote, ili akikataa asionekane ana ubaguzi. Pesa za duka zisichanganywe na za nyumbani. Ukiwa na namba ya biashara au Pochi la Biashara, jioni unajua umeuza ngapi.

Halafu kuna jambo ambalo wenye maduka hawapendi kusikia: wanunue pamoja. Watu watatu wa soko moja wanaogopana kama paka na panya, na kila mmoja anakodi boda boda yake kwenda kuleta beli moja. Wakiweka pesa pamoja wanapata pikapu moja, na bei ya jumla ya kweli. Simu hiyo hiyo tunayoilalamikia inaweza kuwasaidia kuuliza bei kwa wauzaji wa jumla wanne kabla hawajatoka nyumbani. Kila mmoja aandike alichochangia, na mzigo ugawanywe siku hiyo hiyo, mbele ya wote watatu, kabla pikapu haijaondoka.