Pampu ya Joto: Njia ya Kupasha Nyumba na Maji Bila Makaa

Kila mwaka kati ya Juni na Agosti, baridi huwafanya wakazi wengi wa maeneo ya juu ya Kaunti ya Nakuru, yakiwemo Molo, Kuresoi na Mau Narok, kuingiza jiko la makaa ndani ya nyumba na kufunga madirisha. Mji wa Molo uko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku halijoto huweza kushuka chini ya nyuzi 10.

Desturi hiyo ni hatari. Makaa yanayowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuua familia nzima ikiwa usingizini. Aidha, kila gunia la makaa ni miti iliyokatwa na hewa chafu iliyoongezwa angani. Zipo njia za kupata joto bila kuchoma chochote.

Pampu ya joto hufanyaje kazi?

Pampu ya joto ni kama friji inayofanya kazi kwa kinyume. Friji huondoa joto ndani na kulitoa nyuma yake. Ndiyo sababu nyuma ya friji huwa na joto. Pampu nayo huchukua joto lililo katika hewa ya nje na kuliingiza nyumbani au kwenye tangi la maji. Hata hewa tunayoiona kuwa baridi ina joto ndani yake. Gesi maalum inayozunguka kwenye mabomba hulichukua joto hilo, kisha kompresa huibana gesi hiyo hadi ikawa moto vya kutosha kupasha maji au chumba.

Nchini Norway, ambako theluji huanguka kwa miezi kadhaa, zaidi ya nusu ya nyumba zinatumia pampu hizi. Baridi ya Molo haizishindi.

Hesabu ya tokeni

Kwa kuwa umeme hutumika kuhamisha joto badala ya kulitengeneza, yuniti moja ya umeme huweza kuleta takriban yuniti 3 za joto. Ili kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 18 hadi 48, kipasha maji cha kawaida cha umeme huhitaji takriban yuniti 3.5. Pampu ya joto hufanya kazi hiyo kwa takriban yuniti 1.2.

Umeme wenyewe nao ni safi kiasi: takriban asilimia 90 ya umeme unaozalishwa nchini Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kiasi kikubwa cha umeme wa mvuke huzalishwa hapa hapa Nakuru, katika eneo la Olkaria.

Hata hivyo, bei ya kununua pampu ni kubwa kuliko ile ya shawa ya umeme. Familia inayotumia ndoo chache za maji moto itachukua muda mrefu kurudisha gharama hiyo. Wanaofaidika haraka ni watumiaji wa maji mengi kila siku, kama vile hospitali zenye wodi za kujifungulia, shule za bweni na hoteli.

Jua na mvuke

Kwa nyumba nyingi, mtambo wa jua wa kupasha maji juu ya paa ndio hatua ya kwanza iliyo rahisi zaidi. Udhaifu wake huonekana siku za mawingu, na hapo ndipo pampu inapoweza kusaidia.

Joto la ardhini pia linaweza kutumika moja kwa moja. Huko Eburru, mvuke umekausha pareto tangu enzi za ukoloni. Katika shamba la maua la Oserian, Naivasha, joto la kisima cha mvuke lilianza kutumiwa kwenye vivungulio mwanzoni mwa miaka ya 2000, ili kupunguza unyevu wa usiku unaoleta magonjwa ya ukungu. Huko Menengai, shirika la GDC limeonyesha kwa majaribio jinsi joto hilo linavyoweza kuua viini kwenye maziwa, kufua nguo na kupasha mabwawa ya samaki.

Mambo ya kuzingatia

- Usilale na jiko linalowaka ndani ya nyumba. Ukiwasha jiko, acha dirisha wazi, na ulitoe nje kabla ya kulala.
- Mtu akipatwa na kizunguzungu, kichefuchefu au maumivu ya kichwa karibu na jiko, mtoe nje mara moja na umpeleke hospitalini.
- Zuia joto lisipotee: weka dari na uzibe nyufa za mlango. Usizibe nyufa katika chumba kinachotumia jiko.
- Kabla ya kununua pampu au mtambo wa jua, pima kiasi cha maji moto unachotumia kwa siku. Ukubwa wa mtambo hutegemea kiasi hicho.
- Kazi ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Gesi ya pampu isiachiliwe hewani wakati wa ukarabati, kwani aina nyingi za gesi hizo huchangia ongezeko la joto duniani.
- Anayejenga apange mapema mahali pa tangi, mabomba na paa linalopata jua. Kubadilisha nyumba iliyokwisha kujengwa hugharimu zaidi.