Mavazi ya Mama na Mtoto Ndani ya Treni na Meli

Sisi wa Tabora tunapojiandaa kwa safari hutazama nje. Ikiwa ni Julai na baridi ya usiku inauma, mtoto huvikwa sweta, kofia ya sufu, soksi na shali juu yake. Ikiwa ni Oktoba na jua linachoma, tunaondoka na gauni jepesi na kanga moja. Tunasahau kwamba saa nyingi za safari hatutakuwa nje. Tutakuwa ndani ya behewa, basi au meli, na humo ndani mna hali yake ya hewa.

Julai mwaka 2013 nilisafiri na wenzangu watatu wa kanisani kwenda harusini Kasanga, kusini mwa Ziwa Tanganyika. Tulipanda treni ya Kigoma usiku, daraja la tatu. Watu walikuwa wamejaa, na kwa kuogopa baridi madirisha yote yalifungwa. Haikupita muda mrefu, mama kijana aliyekaa mbele yetu akaanza kulia. "Mama, mwanangu anaungua!" Mtoto alikuwa wa miezi minne. Mkononi tayari alishika vidonge vya dawa mseto vilivyobaki nyumbani alipougua mkubwa wake.

Nikamwambia, "Ngoja kwanza, mwanangu. Mfungue tumwone."

Tulitoa blanketi, shali mbili, sweta, na suti ya nailoni. Fulana ya ndani ilikuwa imelowa jasho. Kipimajoto changu kilionyesha nyuzi 38.1. Tukafungua dirisha kidogo, tukamkausha, tukambakiza na fulana kavu na kanga, naye akanyonya sana. Baada ya nusu saa kikasoma 37.1, na mtoto amelala. Vidonge vilirudi kwenye mkoba. Hata hivyo nilimsihi mama yake ampeleke kituo cha afya asubuhi wakifika Kigoma, maana homa ya mtoto mchanga kiasi hicho haiachwi bila kupimwa, wala dawa ya malaria haitolewi kwa kubahatisha.

Wengi wetu hushika viganja na nyayo, tukiona ni baridi tunaongeza nguo. Viganja vya mtoto mchanga huweza kuwa baridi hata akiwa na joto la kutosha. Shika kifua au shingo kwa nyuma. Pakiwa na unyevu wa jasho, punguza nguo. Pakiwa baridi, ongeza. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 36.5 hadi 37.5. Kwa kawaida mtoto mchanga anahitaji nguo moja tu zaidi ya zile zinazokutosha wewe hapo ulipokaa. Kofia ivuliwe mkiingia ndani, kwa kuwa joto lake jingi hutokea kichwani.

Kigoma tulipanda Liemba. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa kwa reli ikipitia hapa hapa Tabora, ndipo ikaundwa upya Kigoma. Chini, daraja la tatu, kulikuwa na joto la injini, watu na mizigo, jasho likitutiririka. Tulipopanda juu kupunga hewa, upepo wa ziwani ukatukuta na nguo mbichi. Katika saa moja mtu anatoka kwenye joto hadi kutetemeka! Tuliobadilisha blauzi kabla ya kupanda juu tulikaa vizuri.

Hapo ndipo utaona faida ya pamba. Misafara ya zamani kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipitisha hapa Tabora majora ya merikani na kaniki, vitambaa vya pamba. Pamba hunyonya jasho, nailoni hulibakiza mwilini. Mimi huvaa gauni la kitenge linalofunguka mbele ili ninyonyeshe bila taabu (siku hizo nilikuwa bado nanyonyesha), sweta la vifungo ambalo sihitaji kulivulia kichwani mbele za watu, na soksi. Kiunoni lastiki isibane, kwa sababu miguu huvimba ukikaa muda mrefu.

Tangu mwaka 2024 wengi wetu tunaotoka Dar es Salaam hupanda treni ya umeme hadi Dodoma, kisha basi. Humo taabu imegeuka. Mabehewa yana viyoyozi, na mama anaingia na jasho la Kariakoo, mtoto kavaa kaptura. Kabla hamjakaa, mfute jasho na umbadilishe fulana. Usikae mahali hewa ya kiyoyozi inapomwagikia kichwani mwake, na shali iwe mkononi. Mama mkwe mkisafiri naye, mfikirie pia. Wazee huhisi baridi mapema na wengi hawasemi.

Nguo hizo zote ziwe kwenye kikapu cha miguuni. Mwenzetu mmoja katika safari ile alikuwa na sweta zuri jipya, alilinunua kwa ajili ya ziwa hasa. Alilifungasha chini kabisa ya begi kubwa, begi likaingia kwenye mizigo ya meli, juu yake magunia. Usiku wa kwanza alilala amejifunga kitenge changu, nami nikabaki na kanga.