Utiririshaji Mubashara wa Masomo katika Mtandao wa Ndani wa Shule: Mazingira ya Nakivale, Masha na Mbarara

1.0 Utangulizi

Mnamo Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Uamuzi hutolewa kwa siku moja. Mwalimu huandaliwa kwa miaka. Katika Wilaya ya Isingiro, kuanzia Masha iliyo jirani na Mbarara hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mwalimu mmoja huweza kukabiliwa na mikondo mingi. Makala haya yanaeleza jinsi somo lake linavyoweza kufikishwa katika madarasa kadhaa kwa wakati mmoja bila kutegemea intaneti.

2.0 Mpangilio wa Mitambo

Kamera na kipaza sauti huunganishwa na kompyuta yenye programu huria ya OBS Studio, ambayo hubana picha na sauti. Mkondo huo wa video hupelekwa kwenye seva ya shule yenye programu ya Nginx na moduli ya RTMP. Seva huukata katika vipande vya sekunde chache kwa mfumo wa HLS, na kila darasa hufungua anwani ya seva kwa kivinjari. Faili zote za ukurasa, zikiwamo za kichezeshi cha video, zihifadhiwe ndani ya seva yenyewe. Zikiitwa kutoka nje, somo litakwama siku intaneti itakapokatika.

3.0 Hesabu ya Nakala

Kosa kubwa ni kudhani kwamba seva hurusha video moja kwa wote, kama redio. Katika mfumo huu, kila kifaa hutumiwa nakala yake. Video ya megabiti 2 kwa sekunde ikitazamwa kwenye vishikwambi 60 huhitaji megabiti 120, ilhali njia nyingi za bei nafuu hupitisha 100 tu. Zaidi ya hayo, mawimbi ya Wi-Fi hugawanywa kwa wote, na aliye mbali na antena ndiye huumia kwanza. Hivyo teknolojia iliyokusudiwa kuleta usawa humwacha nyuma yule yule aliyekuwa nyuma.

Shule hiyo hiyo ikiweka projekta moja na vipaza sauti katika kila mkondo, mikondo 5 itahitaji megabiti 10 pekee. Waya wa mtandao wa kawaida hutosha, mradi kipande kimoja kisizidi mita 100. Kwa kulinganisha, kipindi cha dakika 40 kikivutwa kutoka intaneti hutumia takriban megabaiti 600 kwa kila mtazamaji. Swichi na seva nazo ziwe na betri ya akiba, kwani betri ya kompyuta ya mwalimu haiziokoi umeme unapozimika.

4.0 Ucheleweshaji na Ufundishaji

Vipande vya HLS huchelewesha picha kwa sekunde kadhaa. Mwalimu akiuliza swali, wanafunzi walio mbele yake watajibu kabla wenzao hawajalisikia. Hana budi kusubiri, kisha aanze na mikondo ya mbali, ambayo itamjibu kupitia kifaa cha sauti au mwalimu msaidizi.

5.0 Hitimisho

Shule yenye fedha kidogo ianze na waya, swichi na betri kabla ya vifurushi vya intaneti. Kipimo cha mafanikio kiwe mwanafunzi wa mkondo wa mwisho: je, amesikia, na je, amesikika?