Malengelenge ya Ujauzito Yasivunje Nyumba

Tuchukue mfano wa mama wa Mushasha, mjini Gitega, au wa kule Muyinga, mwenye mimba ya miezi saba. Asubuhi moja aona malengelenge yenye kuuma sehemu za siri. Aona haya kumwambia mkunga, mumewe naye, apatapo habari, auliza: "Umeyatoa wapi?"

Ndugu msomaji, yafaa ifahamike kwamba malengelenge hayo huletwa na virusi vya herpesi. Virusi hivyo, vikishaingia mwilini, havitoki tena. Hujificha katika mishipa ya fahamu miaka mingi bila dalili, kama vile virusi vya tetekuwanga vya utotoni vinavyoweza kurudi uzeeni kwa sura ya mkanda wa jeshi.

Kwa nini viamke wakati wa mimba? Nusu ya asili ya mtoto hutoka kwa baba. Kwa mwili wa mama, yeye ni mgeni. Mwaka 1953 mtaalamu wa Uingereza, Peter Medawar, aliuliza mbona mwili haumfukuzi mgeni huyo. Leo twajua kuwa kinga ya mama hailali, bali hubadili lindo: askari wengine hupunguzwa, wengine huongezwa. Katika badiliko hilo adui wa zamani hupata mwanya. Kwa hiyo malengelenge peke yake si ushahidi wa uzinzi. Huenda yeyote kati ya mume na mke alikuwa na virusi hivyo kabla ya ndoa, asijue.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni mama kuambukizwa kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu ya mwisho, kwa maana hajawahi kutengeneza kinga ya kumrithisha mtoto. Virusi vya zamani vikiamka, hatari huwa ndogo, lakini ipo. Mtoto aambukizwaye wakati wa kuzaliwa aweza kuharibika ubongo, hata kufa.

Basi, mama, mweleze mkunga mapema. Dawa ya asiklovia hutuliza virusi, na kama vidonda vipo uchungu unapoanza, daktari aweza kuamua upasuaji. Mwaka 2006 serikali ya Burundi iliondoa malipo ya kujifungua, upasuaji ukiwamo, katika hospitali za umma.

Na mwenye malengelenge mdomoni asimbusu mtoto mchanga, hata akiwa bibi yake.

Mume mwema humsindikiza mkewe kliniki. Hamfanyii kesi nyumbani.