Chama cha Nairobi na Chama cha Kaunti



Mkulima mmoja wa skimu upande wa Voi alifika ofisini kwetu akauliza: "Bwana karani, gavana asipokuwa wa chama cha Rais, je, Nairobi haitatunyima pesa za kilimo?"

Hofu hii ni ya zamani. Katika uchaguzi wa Mei 1963 chama cha KANU kilishinda Serikali Kuu, lakini Jimbo la Pwani, ambamo Taita na Taveta zilikuwamo, lilishikwa na KADU chini ya Bwana Ronald Ngala. Serikali Kuu haikuupenda mpango wa majimbo, nayo ilichelewa kuyapa madaraka yake. Novemba 1964 KADU ilivunjwa, wajumbe wake wakaingia KANU. Na Kenya ilipokuwa Jamhuri tarehe 12 Desemba mwaka huohuo, majimbo yalikwisha nguvu.

Leo mambo ni mengine. Kaunti zetu 47 si majimbo yale. Katiba ya 2010 yaagiza kaunti zote pamoja zipewe mgao usiopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, na hesabu ya kuugawa haiulizi gavana ni wa chama gani. Tazama kwetu hapa. Mwaka 2013 tulimchagua Bwana John Mruttu wa ODM. 2017 Bwana Granton Samboja wa Wiper. 2022 Bwana Andrew Mwadime, ambaye hakuwa na chama chochote. Hata mmoja hakutoka chama cha Rais, na mgao ukaendelea kuja. (Huchelewa, naam, lakini huchelewa kwa kaunti zote.)

Tena ugomvi mkubwa tuliouona haukutoka Nairobi. Mwaka 2019 gavana na wajumbe wa Bunge la Kaunti walishindana juu ya bajeti, hata gavana akaanza kukusanya saini ili kaunti ivunjwe. Wajumbe nao wakapiga kura kumwondoa, lakini Seneti haikukubali. Kwa hiyo, mwombaji kura akikuambia shida yako yote yatokana na chama cha Nairobi, muulize kwanza bajeti ya kaunti imepitishwa lini.

Yafaa pia ujue mlango wa kubisha. Mafunzo ya kilimo, chanjo ya mifugo na minada ni kazi ya kaunti. Tembo wa Tsavo akila mahindi yako, piga ripoti kwa Shirika la Wanyamapori, KWS, ambalo ni la Serikali Kuu. Wala usiyapalilie mabaki kabla hayajakaguliwa.

Yule mkulima aliuliza pia juu ya hati ya shamba lake, maana mjumbe wa wadi alikuwa amemwahidi kumpatia akimpigia kura. Nilimwelekeza kwenye ofisi ya ardhi ya Serikali Kuu, kwa kuwa hati haitolewi na mjumbe wa wadi, awe wa chama chochote.