Sumu Aliyorithi Mbawakawa

Tangu mvua za Septemba ziliposhika, wasomaji wetu wa Bukavu, hasa wale wa Kasha huko Bagira, hawaachi kuuliza ni nani huyu mdudu mwembamba, mwekundu kwa mweusi, ajaye taani usiku, na baada ya siku moja au mbili shingo ya mtu ikababuka kana kwamba imemwagiwa maji ya moto. Ndiye Paederus, ambaye Wakenya humwita nzi wa Nairobi. Lakini ni mbawakawa, wa ukoo wa Staphylinidae wenye spishi zaidi ya 60,000, ambao mabawa yao magumu yamefupika hata tumbo likabaki wazi, na yale ya kurukia yakakunjwa chini yake kwa ustadi wa ajabu.

Haumi, hana mwiba, wala hakojolei mtu, ingawa madai hayo matatu nimeyasikia hata nimechoka kuyakanusha. Sumu yake, pederini, imo ndani ya damu yake, nayo haimdhuru mtu ila mdudu akipondwa juu ya ngozi. Huko huzuia seli zisitengeneze protini, na seli hufa taratibu. Kwa hiyo malengelenge hutokea mdudu mwenyewe amekwisha sahauliwa, na hapo ndipo wanapopata nafasi wale wanaonong'ona habari za uchawi, na wale wanaouza dawa ya mkanda wa jeshi kwa mtu asiyeugua mkanda wa jeshi.

Lakini ajabu kubwa ni asili ya sumu hiyo. Ili kuichunguza, wataalamu walilazimika kukusanya wadudu milioni 25; kisha Rolf Kellner, mtaalamu wa Ujerumani, akathibitisha kwamba wako majike wasioweza kuitengeneza kabisa, na kwamba wenye uwezo huo huwarithisha watoto kwa njia ya mayai. Mwaka 2002 mtafiti Jörn Piel akatoa ufafanuzi: jeni za pederini si za mbawakawa, bali ni za bakteria, jamaa ya Pseudomonas, aishiye mwilini mwake. Mama huitia sumu hiyo katika mayai kama amana, na buibui wawindaji wakimkamata mtoto wake humwacha. Sumu za jamaa ile ile zimeonekana katika sifongo wa baharini aitwaye Theonella, ambaye hana udugu wowote wa karibu na wadudu, nako pia watengenezaji ni bakteria. Na kwa kuwa jeni hizo zimezungukwa na alama za vipande vya urithi vinavyohamahama, yaelekea kwamba katika mageuzi ya viumbe silaha yaweza kupita kutoka bakteria hata bakteria mwingine, wala isifuate nasaba ya mnyama aliyeibeba.

Basi, akikutulia usimponde: mpulize au mwondoe kwa karatasi. Ukimgusa, nawa kwa sabuni na maji mengi, usifikiche jicho. Taa izimwe mapema, chandarua kifungwe. Majivu, dawa ya meno na mafuta ya taa, wanavyoamuru waganga wa vichochoroni, huzidisha kidonda na kukaribisha usaha. Jicho likivimba, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Wala msinyunyize sumu mashambani kwa ajili yake, kwani hula vidukari na wadudu wengine waharibifu wa mazao.