Fedha za Halmashauri Hupangwa Vipi?

Ukipita katika vijiji vya Mkoa wa Songwe utaona jambo moja mara kwa mara. Kando ya shule pamesimama boma la darasa. Kuta zimefika kwenye lenta, lakini paa hakuna. Wanakijiji walifyatua matofali, wakasomba mchanga na mawe, wakachanga fedha za kumlipa fundi. Kisha wakasubiri mabati kutoka Halmashauri. Mvua za mwaka wa kwanza zikanyesha, za mwaka wa pili zikanyesha, na matofali ya juu yakaanza kumomonyoka. Watoto bado wamebanana katika chumba cha zamani.

Wanakijiji huuliza, "Ushuru tunalipa kila mwaka. Fedha zinakwenda wapi?"

Swali hilo ni la haki. Kasoro yake ni kwamba huulizwa wakati usiofaa. Watu wengi huuliza mwezi wa Julai au Agosti, wakati bajeti imekwisha kupitishwa. Mtu anayetaka mabati mwezi wa Agosti hana budi kuanza kuyaomba mwezi wa Oktoba wa mwaka uliotangulia. Hebu tuone kwa nini.

HALMASHAURI ZETU

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016. Kabla ya hapo ulikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya. Makao makuu yake yapo Vwawa. Mkoa una halmashauri tano. Nne ni za wilaya: Mbozi, Momba, Ileje na Songwe. Ya tano ni Halmashauri ya Mji wa Tunduma. Kila moja ina Baraza la Madiwani, na kila moja hupanga bajeti yake.

Bajeti ni neno la kigeni, lakini jambo lenyewe kila mwenye nyumba analijua. Ukivuna mahindi unakaa na mwenzako mnahesabu: haya ni ya chakula, haya ni ya mbegu, haya tutauza tulipie sare za watoto na mbolea. Halmashauri nayo hufanya hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba Halmashauri huhesabu kabla ya kuvuna. Inakisia itapata kiasi gani, kisha inagawa. Ndiyo maana jina kamili la bajeti ni "makadirio ya mapato na matumizi". Ikikisia vibaya, kuna boma litakalobaki bila paa.

Mwaka wa fedha wa Serikali hauanzi Januari. Huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni.

FEDHA ZINATOKA WAPI?

Sehemu kubwa ya fedha za halmashauri nyingi hutoka Serikali Kuu. Fedha hizo huitwa ruzuku. Ndizo zinazolipa mishahara ya walimu, waganga na mabwana shamba, na ndizo zinazojenga miradi mingi mikubwa. Sehemu nyingine, iliyo ndogo zaidi, Halmashauri huikusanya yenyewe. Hayo ndiyo mapato ya ndani. Ni madogo, lakini ndiyo ambayo madiwani wetu wana nafasi kubwa zaidi ya kuyaamulia.

Mapato ya ndani hutoka katika ushuru wa mazao, ushuru wa masoko na minada, leseni za biashara, ushuru wa nyumba za wageni, maegesho ya malori, na ushuru wa huduma ambao wafanyabiashara hulipa kulingana na mauzo yao. Halmashauri hazifanani. Tunduma ni mji wa mpakani. Malori yaendayo Zambia na Kongo husimama hapo, na watu wa Nakonde huvuka kuja kununua na kuuza. Mbozi wana kahawa. Momba, kule bondeni, wana ufuta na mpunga.

Hapa kuna kosa moja ambalo wengi hulifanya. Mtu anasimama Tunduma, anaona foleni ndefu ya malori, anasema, "Halmashauri hii ni tajiri sana." La, sivyo. Ushuru wa forodha unaotozwa pale mpakani hukusanywa na Mamlaka ya Mapato, TRA, na huingia katika Mfuko Mkuu wa Serikali. Tangu mwaka 2019 pana kituo cha pamoja cha forodha cha Tanzania na Zambia, nacho si cha Halmashauri. Mji hupata ada za maegesho, leseni na ushuru wa huduma tu.

Na kodi ya majengo? Zamani halmashauri za miji zilikuwa zikiikusanya zenyewe. Mwaka 2016 kazi hiyo ilihamishiwa TRA, na tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Mwenye nyumba anaona imekatwa pamoja na umeme, wala haoni mtoza kodi akibisha hodi.

USHURU HAUTUNGWI KWA MDOMO

Wazee wetu wanakumbuka kodi za namna nyingi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Waingereza wakaendeleza, na kodi ya kichwa ikajulikana kila mahali. Mwaka 1969 Serikali ya Tanzania iliifuta kodi ya namna hiyo, na mwaka 1972 halmashauri za wilaya zenyewe zikavunjwa. Sheria za kuzirudisha zilipitishwa mwaka 1982, nazo zikaanza kazi mwaka 1984. Pamoja nazo ilikuja kodi ya maendeleo, ambayo kila mtu mzima alitakiwa kulipa, awe na kitu au asiwe nacho. Wengi wanakumbuka mgambo wakipita alfajiri, na wanaume wakilala porini. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003.

Leo Katiba, katika Ibara ya 138, inasema kuwa kodi haiwezi kutozwa bila sheria. Halmashauri ikitaka kutoza ushuru mpya haina budi kutunga sheria ndogo. Wananchi hutangaziwa kwanza ili wenye pingamizi waseme. Kisha Baraza la Madiwani hujadili na kupitisha, Waziri huidhinisha, na hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Sheria ndogo ya kijiji nayo hupita katika mkutano mkuu wa kijiji, kisha huidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Kwa hiyo mtu akija gulioni na kusema, "Kuanzia leo kila fungu la nyanya ni shilingi mia tano," una haki ya kumwuliza ni sheria ndogo ipi.

Ushuru wa mazao ndio unaoleta ugomvi mwingi. Sheria inamtaka mnunuzi ndiye aulipe, wala si mkulima. Mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mwaka huo huo iliamuliwa kuwa anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Mbozi amepakia gunia sita za mahindi anakwenda Tunduma. Anafika kwenye geti la ushuru.

"Shikamoo, mama. Umebeba gunia ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Ni sita. Kila moja kilo mia."

"Basi tulipe ushuru, mama."

"Mwanangu, sita mara mia ni kilo mia sita. Tani ni kilo elfu moja. Tulifundishwa darasani kuwa chini ya tani hatutozwi."

Kijana anatazama mzigo, anahesabu mwenyewe, anainua kizuizi. Mama huyu hakugombana na mtu. Alijua hesabu, basi.

Lakini pale ambapo ushuru ni halali, ulipwe, na stakabadhi itolewe. Siku hizi stakabadhi hutoka katika mashine ndogo ya mkononi. Kilichoandikwa katika mashine hufika kwenye hesabu za Halmashauri. Fedha iliyotolewa bila stakabadhi haijulikani ilipo, na ndiyo bati moja limepotea.

SAFARI YA OMBI LA KIJIJI

Sasa turudi kwenye boma letu. Ombi la kuezeka linaanzia wapi? Linaanzia kwenye kitongoji, kisha kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, mwanamke na mwanamume. Hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo wanakijiji husema shida zao, huangalia nguvu zao wenyewe, kisha hupanga kipi kitangulie. Njia hiyo ya kupanga huitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo.

Kupanga kipi kitangulie ndiyo kazi ngumu. Kila kitongoji hutaka chake. Kijiji kikiandika mahitaji kumi na tano bila kusema la kwanza ni lipi, wengine watakichagulia, na huenda wakachagua la kumi na mbili. Ni afadhali kijiji kiandike matatu kwa mpangilio, kieleze nguvu za wananchi zimefika wapi: kuta zimekwisha, matofali ni mangapi, fundi amelipwa kiasi gani, yanahitajika mabati mangapi.

Kutoka kijijini ombi huenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wake ni Diwani, na katibu ni Afisa Mtendaji wa Kata. Hapo vijiji vya kata hushindana. Kazi hii ya vijiji na kata hufanyika kati ya Septemba na Desemba. Kijiji ambacho hakikufanya mkutano wakati huo hakina karatasi mezani, na Diwani hana cha kutetea.

Halafu wataalamu wa Halmashauri hukusanya maombi ya kata zote. Wanayo barua ya Serikali inayowaambia kiasi cha ruzuku cha kutazamia. Kiasi hicho huitwa ukomo wa bajeti. Maombi huwa ni makubwa kuliko ukomo, siku zote. Basi yanakatwa. Kamati ya Fedha hupitia makadirio, kisha Baraza la Madiwani hukutana, kwa kawaida Januari au Februari, kuyajadili na kuyapitisha. Mkutano huo ni wa wazi. Mwananchi anaweza kuingia, kukaa na kusikiliza. Kwa watu wa Kamsamba kufika Chitete si jambo dogo, lakini kijiji kinaweza kutuma mtu mmoja au wawili.

Baada ya hapo makadirio hupita Mkoani, kisha TAMISEMI na Wizara ya Fedha, na mwisho huingia Bungeni. Bunge la bajeti huanza Aprili na kumaliza Juni. Tarehe 1 Julai mlango umefungwa.

Jambo moja la kuangalia: si kila shida hupelekwa Halmashauri. Barabara za vijijini zipo chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Maji ya vijijini yapo chini ya RUWASA tangu mwaka 2019. Wana bajeti zao. Vijiji vingine hupoteza mwaka mzima vikimlaumu Diwani kwa daraja ambalo fedha zake hazipo kwake. Anachoweza ni kuwaita maofisa wao katika Kamati ya Kata wajibu, na hilo ni vizuri kumkumbusha.

FEDHA ZIKISHAPATIKANA

Katika mapato ya ndani kuna mafungu yaliyokwisha wekwa. Ada za zahanati, kwa mfano, hurudi kwenye zahanati. Mapato ya aina hiyo huitwa mapato yaliyolindwa. Katika yale yanayobaki, sheria ya mwaka 2018 inataka asilimia 10 iwe mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya ubadhirifu, vikundi hewa vikiwamo, ikarudishwa mwaka 2024. Wanawake wa kikundi cha kufuga kuku wasisubiri kuambiwa. Wamwulize Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Kijiji nacho kina hesabu zake. Mapato na matumizi ya kijiji lazima yasomwe kwenye mkutano mkuu kila robo mwaka. Yakisomwa haraka haraka mwisho wa mkutano, wakati watu wameanza kusimama, mtu anyanyue mkono aombe yarudiwe polepole. Si utovu wa adabu kwa mwenyekiti. Na hesabu za Halmashauri hukaguliwa kila mwaka na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na taarifa yake hupelekwa Bungeni.

HESABU YA DARASA

Mnunuzi amenunua ufuta kilo 1,000. Tuseme bei ni shilingi 3,000 kwa kilo. Amelipa shilingi 3,000,000. Ushuru wa asilimia 3 ni shilingi 90,000. Ulizeni bei ya bati moja dukani, mgawanye, mwone ni mabati mangapi. Kisha hesabuni mabati yanayohitajika kwa boma la shule yenu, na mjue zinahitajika tani ngapi za ufuta. Andikeni jibu ubaoni, na pembeni yake andikeni tarehe ya mkutano mkuu ujao wa kijiji.